Je, Wajua Kwa Nini Mngoni Humdhihaki Mhehe Msibani na Hakuna Anayekasirika?

Mgeni anayehudhuria mazishi ya watani kwa mara ya kwanza nchini Tanzania huweza kushtuka sana. Jeneza limefika makaburini, kina mama wanalia, na ghafla mtu mmoja anaruka ndani ya kaburi lililo wazi, analala chali, anakunja mikono kifuani na kutangaza kwamba hatoki humo mpaka wafiwa watoe fedha, kwa kuwa marehemu alikuwa mtumwa wake na amekufa kabla ya kumaliza kazi. Mwingine amevaa koti na kofia ya marehemu, anatembea kama alivyotembea, anakohoa kama alivyokohoa. Hakuna anayewafukuza. Wafiwa wenyewe, machozi yakiwa hayajakauka, wanaanza kucheka, kisha mzee mmoja wa ukoo anatoa noti, anaitupa kaburini, na mazishi yanaendelea.

Watu hao ni watani wa marehemu, na wanachokifanya ni haki yao na pia ni wajibu wao. Utani ni uhusiano unaotambuliwa na jamii, baina ya ndugu wa aina fulani au baina ya makabila mawili, ambao huwaruhusu wahusika kudhihakiana, kutukanana, na zamani hata kuchukuliana kuku au nguo bila kuomba, huku ukiwanyima wote wawili haki ya kukasirika. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, hata hivyo, si kila kabila ni mtani wa kila kabila. Uteuzi huo una sababu zake, na sababu hizo ni historia ya nchi yenyewe.

Sababu ya kwanza ni vita. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kiongozi huyo kufariki katika nchi ya Ufipa walitawanyika, baadhi yao wakajenga makao katika eneo la Songea ya leo. Kaskazini yao Wahehe walikuwa wakijenga dola yenye nguvu chini ya Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa, yule aliyekuja kuwashinda Wajerumani kule Lugalo mwaka 1891. Majeshi hayo mawili yalipambana vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na hakuna lililofanikiwa kulitiisha lingine. Ndiyo maana hadi leo Mngoni akimkuta Mhehe ofisini au sokoni humwamkia, "Hujambo, mtumwa wangu?" naye Mhehe hujibu papo hapo, "Mtumwa nani? Kawaulize babu zako walikimbilia wapi." Kwa kuwa vita ile haikupata mshindi, ubishi huo hauwezi kumalizika, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzuri wake: watu waliomwaga damu wamebaki wakishindana kwa maneno, kizazi baada ya kizazi, katika hali ambayo kila mmoja anamhitaji mwenzake awepo ili aendelee kumshinda.

Sababu ya pili ni safari. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitembea kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka huko hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora peke yake ilichukua takriban miezi mitatu, ikipita katika nchi za Wazaramo, Wakwere, Waluguru, Wasagara na Wagogo. Kule Ugogo maji yalikuwa ya shida na watawala walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliopita. Mpagazi aliyeugua njiani alikuwa mbali kabisa na ndugu zake. Alihitaji mtu wa kumpa chakula na mahali pa kulala, na kama angefariki, mtu wa kumzika. Mtani ndiye aliyebeba jukumu hilo. Wanyamwezi wakawa watani wa watu wengi waliokaa kando ya njia hiyo, na Wasukuma, ambao ni ndugu zao wa karibu, nao wana utani na Wazaramo hadi sasa. Matusi ya watani, kwa hiyo, yana deni nyuma yake: anayeruhusiwa kukudhihaki ukiwa hai ndiye atakayechimba kaburi lako.

Kuna pia utani uliotokana na ujirani. Mkoani Kilimanjaro Wapare wa Ugweno walikuwa wafuaji hodari wa chuma, na chuma chao kiliwafikia wahunzi wa Kichaga. Leo Mchaga humwambia Mpare kwamba yuko tayari kuuza ng'ombe ili apate gharama za kufungua kesi ya kuku, naye Mpare hamwachi Mchaga apumue kuhusu mapenzi yake ya fedha.

Jambo hili liliwavutia watafiti mapema. Reginald Moreau, Mwingereza aliyefahamika zaidi kwa utafiti wa ndege na aliyefanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, alikusanya habari za utani wa Tanganyika na kuzichapisha katika miaka ya 1940. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, alitoa maelezo ambayo bado yana uzito: palipo na jambo linalowaunganisha watu na jingine linaloweza kuwagombanisha, jamii huwa na njia mbili za kulinda amani. Ya kwanza ni heshima kali inayowaweka mbali, na ya pili ni mzaha wa lazima unaoondoa nafasi ya kukasirika.

Njia zote mbili zinaonekana ndani ya familia zetu. Mkwe huheshimiwa kiasi kwamba katika makabila mengi mwanamume hali chakula pamoja na mama mkwe wake, na hata kukutana naye njiani ni jambo la kukwepwa. Mashemeji, kinyume chake, hutaniana bila kikomo. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na kumlalamikia kwamba hampikii. Bibi naye humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumuuliza ameleta nini kutoka mjini. Baba hawezi kuthubutu mzaha kama huo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kazi ya kulea na kuadhibu. Watoto wa mjomba na wa shangazi nao ni watani, na ugomvi wa urithi unapoanza kufukuta katika ukoo, mara nyingi wao ndio wanaoweza kuutaja hadharani kwa njia ya kejeli, jambo ambalo kaka na dada wangelinyamazia mpaka lilipuke.

Utani una masharti, na asiyeyafahamu huweza kuleta balaa. Neno lile lile linalomchekesha mtani huwa tusi kamili kwa mtu asiye mtani, na linaweza kuwafikisha watu polisi. Mtani akikasirika huonekana yeye ndiye mkosaji. Zaidi ya hayo, mzaha hauwezi kuwa wa upande mmoja: anayetania lazima akubali kutaniwa, na anayechukua fedha msibani lazima awe tayari kushika jembe na kubeba jeneza. Nasisitiza sharti hili kwa sababu wapo wanaotumia neno utani kuficha dharau kwa kabila ambalo hawana wajibu wowote kwake, na hilo si utani hata kidogo.

Baada ya uhuru mzunguko huu ulipanuka. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, pamoja na shule za bweni na uhamisho wa watumishi wa umma, viliwakutanisha vijana ambao babu zao hawakuwahi kupigana wala kusafiri pamoja, nao wakaanza kutaniana kwa makabila yao kama watani wa kale. Hata mpira ulipata watani wake: Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa na magazeti watani wa jadi.

Wengi hueleza umoja wa Watanzania kwa Kiswahili na kwa siasa za Mwalimu Nyerere, na wana haki kabisa. Naamini hata hivyo kwamba utani ulikuwa umeandaa njia mapema, kwa kuwa mtu hujifunza mila, vyakula na majina ya kabila jingine kwa makini anapotafuta la kumtania mwenzake. Siku hizi watani huoana kwa wingi, na harusi za namna hiyo huwa na kelele za pekee, kwani upande wa bibi harusi huzuia mlango na kudai kwamba mtumwa hawezi kuoa bwana wake. Mtoto wa ndoa hiyo hurithi pande zote mbili, na shangazi na wajomba zake huanza kugombania tangu siku ya kwanza kama ni Mhehe au Mngoni.