Meli hailipwi kwa ukubwa wa tumbo

Juzi nimeletewa tena hesabu ile ile. Safari hii ni shemeji yangu: "Meli ya tani 60,000, nauli dola 25 kwa tani, safari moja milioni moja na nusu! Nyie watu wa meli mnalia njaa ya nini?" Hili nimeshalijibu harusini, msibani, na mara moja nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, wembe shingoni. Sasa naliandika. Atakayeuliza tena atatumiwa kiungo.

Tani kwanza, haraka haraka. Tani za GT (gross tonnage) si uzito. Ni ujazo wa meli uliopitishwa kwenye fomula ya mkataba wa kimataifa wa 1969, na neno lenyewe asili yake ni mapipa ya mvinyo. Bandari hututoza kwa hizo. Wa kutulipa kwa hizo hayupo. Dedweti, yaani jumla ya mzigo wote ambao meli inaweza kubeba, ndiyo uzito, lakini humo mna mafuta, maji ya kunywa, vipuri, mabaharia na mabegi yao. Kinachobaki ndicho shehena, tena kama bandari ina kina. Meli ya kiasi hiki huzama sentimita moja kwa kila tani 60 hivi, kwa hiyo nusu mita ya maji ikikosekana umeacha tani 3,000 gatini. Shehena ikiwa nyepesi, tumbo hujaa kabla alama ya ubavuni inayoonyesha mwisho wa kupakia haijafika majini. Mawe ya chuma ni kinyume: chungulia tumboni meli ikishamaliza kupakia, utadhani wapakiaji wameenda kula na bado hawajarudi.

Haya. Sasa kinachonikera: siku.

Meli inauza siku zake. Mishahara, bima na mkopo wa benki vinakula kila siku, iwe inakata maji au imelala nangani. Kwa hiyo chukua nauli yote, toa mafuta, ada za bandari na mifereji, toa cha madalali, kisha gawanya kwa siku. Siku zote, shemeji! Na zile za kwenda tupu na farumi (maji ya kuituliza meli) kufuata mzigo, na zile za kusubiri gati.

Tufanye ile milioni moja na nusu yako imetolewa 780,000 za gharama. Zimebaki 720,000. Safari imechukua siku 40: dola 18,000 kwa siku. Safari nyingine ina nauli ya dola 18 tu kwa tani. Jumla 1,080,000, gharama 480,000, zinabaki 600,000, lakini siku ni 25. Hiyo ni dola 24,000 kwa siku. Nauli ndogo imeishinda kubwa, na bado sijakuwekea foleni. Ile ya kwanza ikikaa nangani siku nane zaidi, imeshuka hadi 15,000, hapo sijahesabu mafuta ya jenereta. Ndiyo, kuna fidia ya ucheleweshaji, ila huja baada ya miezi ya kubishana ni saa ngapi hasa mvua ilikatisha upakuaji.

Nikiri jambo. Hizo siku za kwenda tupu ni za safari gani, iliyopita au inayofuata? Tunafuata mazoea ya ofisi. Nimewahi kuona safari moja ikiwa nzuri au mbaya kwa sababu hiyo tu. Ukijumlisha mwaka mzima tofauti inapungua, lakini bosi haulizi ya mwaka, anauliza ya juzi.

Mwendo nao. Kitabu kinasema ukishuka kutoka maili 14 za baharini kwa saa hadi 12, mafuta ya siku yanapungua kama asilimia 37, kwa kuwa yanafuata mwendo kipeo cha tatu. Safari inarefuka, kwa hiyo akiba ya njia nzima ni kama asilimia 27. Soko likiwa baya, tambaa. Likiwa zuri, hizo siku unazopoteza zina thamani kuliko mafuta. Lakini hicho kipeo cha tatu mimi nakiamini nusu. Mwani ukishika chini ya meli, upepo ukiwa wa mbele, mambo ni mengine.

Na takwimu zenyewe tunazipata kwenye ripoti ya adhuhuri ambayo meli hututumia kila siku, inayoandikwa na binadamu. Niliwahi kuwa na meli iliyoripoti kutumia tani 26.5 za mafuta kwa siku, siku kumi na moja mfululizo, bahari shwari au imechafuka, 26.5 ile ile. Nikampigia nahodha. "Injinia mkuu ana mkono wa kupima," akaniambia. Mwisho wa mkataba tukapima matangi: tani 38 zaidi ya zilizo kwenye karatasi. Injinia alikuwa akijiwekea za dharura, kama mama anayeficha unga. Ikabidi nifungue upya safari tatu nilizokwisha kuzifunga, mojawapo ile ambayo kikaoni nilikwisha eleza vizuri sana kwa nini imekula mafuta mengi.