Usiniulize kimbunga ni cha daraja la ngapi

Kimbunga kikianza kuelekea Oman, simu yangu hailali. Wananipigia wa Masikati, wa Salalah, na zaidi ya wote jamaa wa Unguja na Mombasa wenye ndugu zao huku. Swali ni lile lile: "Ni cha daraja la ngapi?" Nikijibu kwamba kimeshuka, sasa ni dhoruba ya kawaida, nasikia mtu anashusha pumzi. Alhamdulillahi, yamekwisha. Jamani, hayajakwisha! Kazi yangu ni utabiri wa hali ya hewa, na sijui imani inayonikera kama hii, kwa sababu watu wanaifuata mpaka ndani ya wadi, yale mabonde makavu yanayogeuka mto mvua ikinyesha.

Daraja la 1 hadi la 5 ni kasi ya upepo, basi. Juu ya mvua halisemi kitu. Na huku kinachoua zaidi ni maji.

Tazameni kimbunga Gonu, Juni 2007. Katikati ya bahari kilifika daraja la 5, na kilipofika Ras al Hadd, ncha ya mashariki ya Oman, upepo ulikuwa umeshapungua sana. Lakini sehemu za pwani ya mashariki zilipata hadi milimita 610 za mvua, ilhali Masikati kwa mwaka mzima hupata kama 100. Walikufa watu wapatao 50 nchini. Mitambo ya kusafisha maji ya bahari ya Ghubrah na Barka ikasimama, mji ukawa na mafuriko barabarani na mabomba makavu majumbani. Halafu kuna Keila, Novemba 2011. Hicho hakikufika hata daraja la 1. Kilizungukazunguka upande wa Dhofar, kusini mwa Oman, kikamwaga mvua ambayo watu wa kule huisubiri kwa miaka, wakafa watu 14. Mwenye kusikiliza daraja tu angelala usingizi.

Joto la bahari mnalijua: ndilo linalotoa mvuke, na mvuke ndio chakula cha kimbunga. Nisikae hapo.

Nataka kukaa kwenye hewa kavu, maana hapa hata watu waliosoma hunibishia. Wanasema: hewa ya jangwa la Rub' al Khali ni kavu, ikiingia ndani ya kimbunga inakiua, kwa hiyo mvua haitafika. Nusu ya kwanza ni kweli. Hewa ya jangwani hukausha mawingu, jicho la kimbunga huvurugika, upepo hushuka. Lakini upepo unaisha kabla ya maji kuisha. Ule mvuke wa chini, uliobebwa kutoka baharini, bado unasukumwa nchi kavu, na huko mbele umesimama mlima Hajar, ambao kilele chake, Jabal Shams, kinakaribia mita 3,000. Mvuke hauna pa kupita isipokuwa juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unaanguka. Mlima haujali kama kilichouleta kinaitwa kimbunga au mabaki ya kimbunga. Na kama kinakwenda polepole, bonde moja linanyeshewa saa baada ya saa.

Kimbunga Shaheen ni ushahidi wangu mkubwa. Kilitokana na mabaki ya Gulab, kimbunga kilichoingia India kwa pwani ya mashariki mwishoni mwa Septemba 2021 na ambacho wengi walishakihesabu kimekufa. Mabaki yakavuka India, yakafika Bahari ya Arabia, yakapata mvuke upya. Tarehe 3 Oktoba yakaingia Batinah, pwani ya kaskazini mwa Oman, kwa jina jipya, na mji wa Al Khaburah ukapata milimita 369 kwa muda wa saa chache.

Sasa ardhi yenyewe. Milima ya huku ni mwamba mtupu, mvua huteremka kama juu ya paa la bati. Unaweza kusimama ukingoni mwa wadi, jua linawaka, changarawe kavu, na mvua imenyesha saa mbili zilizopita kilomita nyingi juu huko. Kwanza unasikia mawe yakigongana. Kisha inatokea ncha ya maji, rangi ya udongo, imebeba matawi ya mikunazi. Mwenye gari aliyeamini kwamba mbingu zimetakata ndiye aliyeko katikati.

Na wewe wa Kenya usiseme hayakuhusu. Vimbunga Mekunu na Luban, vyote vya 2018, vilifanya maziwa ndani ya Rub' al Khali, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona. Nzige wakazaana humo miezi kwa miezi, na vizazi vyao ndivyo vilivyoingia Kenya mwishoni mwa 2019.

Vitabu havisisitizi haya: takwimu zetu za mvua ya vimbunga nazisoma kama kiwango cha chini. Upepo mkali hulaza mvua, matone yakapita juu ya mdomo wa kipima mvua bila kuingia. Na kompyuta zetu huweza kukosea njia ya kimbunga kwa kilomita 30, kosa dogo kabisa baharini, lakini milimani ni tofauti ya wadi hii na ile. Siwezi kukwambia ni ipi. Ndiyo maana natoa tahadhari kwa mkoa mzima, na wale ambao kwao haikunyesha hulalamika kwamba nimewatisha bure. Nitaendelea kuitoa hivyo hivyo.