"Fupisha tu, wataelewa"

Rasimu ya kipeperushi ikirudi kutoka kwa wakubwa, pembeni huwa na neno lilelile: fupisha. Juzi limekuja tena, safari hii kwenye karatasi ya maelezo ya dawa ya mseto, na alama za mshangao juu. Nimechoka kulijibu kwa simu, kwa hiyo naandika.

Hakuna maandishi mafupi kuliko yale ya kwenye bahasha ya dawa. "4 x 2, siku 3." Mfamasia ameelewa, nesi ameelewa, foleni ya dirishani inasogea. Mgonjwa je? ALu, ndiyo hiyo dawa ya mseto ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge 24: dozi sita, vinne kila dozi. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Ni kuanzia siku ya pili ndipo inakuwa asubuhi na jioni. Hiyo "4 x 2" imeificha siku ya kwanza kabisa.

Mwenzangu mmoja akaona aiokoe hali, akaandika: "Dozi ya pili saa 8." Fupi, safi, wakubwa wakafurahi. Sasa mama aliyemezeshwa dozi ya kwanza zahanati saa 4 asubuhi anaisoma hiyo saa 8 kama mimi na wewe tunavyoisoma, yaani mchana, vyombo vya chakula vikioshwa. Zimepita saa nne tu! Mimi nikaandika: "Hesabu saa nane tangu ulipomeza dozi ya kwanza. Ukimeza saa 4 asubuhi, ya pili utameza saa 12 jioni." Imerudi na wino mwekundu: mfano uondolewe, unarudia. Haurudii chochote. Sentensi ya kwanza inatoa kanuni, mfano unampa msomaji pa kujipima kama ameishika. Ukiutoa, aliyekosea hana pa kushtukia.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "meza pamoja na chakula chenye mafuta". Sababu ilikatwa ili kuokoa mstari. Mwenye malaria hana hamu ya kula. Asipoambiwa kwamba bila mafuta dawa hainyonywi vizuri mwilini, ataona hayo ni mapambo tu, ashushie na maji, alale.

Sisemi turefushe. "Ikumbukwe kwamba", "katika kuhakikisha", salamu za mkurugenzi ukurasa wa mbele: kateni vyote, sitalia.

Rasimu ikiiva naipeleka kwa watu. Siwaulizi kama wameelewa, maana kwa heshima zetu jibu ni ndiyo. Nauliza: "Shangazi, umemeza saa 6 mchana, ya pili lini?" Akisema saa 2 usiku, naendelea. Hata hapo roho haitulii. Mtu mwenye homa hasomi kama aliyekaa barazani na kikombe cha chai. Isitoshe, wengi huwa wameshaelekezwa na nesi kabla ya kuiona karatasi, na sijapata njia ya kujua kilichofanya kazi ni karatasi yangu au mdomo wake.

Kwa anayeanza dozi saa 12 jioni, ya pili inaangukia saa 8 usiku (hapo mwenzangu amepatia, kwa bahati). Basi nimeongeza mstari: "Tega alamu ya simu, uamke umeze." Rasimu imekuwa ndefu zaidi, na simu ya wakubwa naisubiri.