Bonde la Teleki halikuchimbwa na mto: dhana potofu kuhusu barafu ya Mlima Kenya

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, baada ya kuhangaika na tope la mteremko unaingia Bonde la Teleki. Katikati yake kinapita kijito ambacho mtu mzima anaweza kukiruka, na kushoto na kulia zimesimama kuta za mwamba.

Dhana: Kijito hicho ndicho kilichochimba bonde.

Mto hukata kwenda chini, kwenye mstari mwembamba, na bonde lake huwa na umbo la V. Bonde la Teleki lina umbo la U, lenye sakafu pana na kuta zilizochongoka. Umbo hilo hutokea pale kinachopita kinapojaza bonde zima, ukuta kwa ukuta. Hapa kilichopita ni barafuto, yaani barafu nene inayotambaa polepole kwa uzito wake yenyewe. Zama za baridi kali ilishuka hadi chini ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Kijito kimerithi tu bonde la mwenzake.

Dhana: Barafu hukata mwamba kwa sababu ni ngumu.

Hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma, na ndilo ninalotamani lirekebishwe kwanza. Chukua kipande cha barafu kwenye friji, ukisugue kwenye sakafu ya saruji. Kitayeyuka, na sakafu itabaki vilevile. Sasa gandisha maji yaliyochanganywa na mchanga na kokoto, usugue tena: utaona mikwaruzo.

Barafuto ni kama msasa: barafu ni karatasi, mawe ndiyo yanayokwaruza. Mawe hayo inayapata wapi? Mengine huanguka kutoka kuta za juu. Mengine inayang'oa yenyewe: maji yaliyo chini yake huingia kwenye nyufa za mwamba, huganda, na barafu inaposogea huondoka na bonge zima. Ndiyo maana nundu nyingi za mwamba zilizopitiwa na barafu ni laini upande ilikotokea na zimemeguka upande ilikoelekea. Unga unaosagwa huko chini huelea majini, na ndio unaoyapa maziwa madogo ya huko juu ile rangi ya kijani iliyofifia.

Dhana: Matuta ya mawe ni takataka za mafuriko.

Maji huchambua: mawe makubwa huachwa kwanza, mchanga baadaye, tope mwisho. Barafu haichambui. Chimba kidogo kwenye tuta la moreni, yaani rundo la mawe na udongo lililoachwa na barafuto, ukute jiwe kubwa limezama ndani ya udongo laini, kokoto zenye ncha zikiwa pembeni yake. Vyote vilibebwa pamoja, vikatuliwa pamoja barafu ilipoyeyuka.

Dhana: Barafu "ikirudi nyuma" hupanda mlima.

Hairudi popote. Huendelea kutambaa kuteremka, ila kinachoyeyuka mwishoni kinazidi kinachofika kutoka juu, kwa hiyo ncha yake inahama kuelekea kileleni.

Barafuto ya Lewis, chini ya kilele cha Lenana, ilichorwa kwa makini na Carl Troll na Karl Wien mwaka 1934. Kufikia 2010 ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, Gregory, imekwisha kabisa. Mwamba uliokuwa umefunikwa sasa uko wazi, na mikwaruzo yake bado ni mipya.