Je, wajua kwa nini mgeni hawezi kununua shamba Tanzania?

Mtu asiye raia wa Tanzania anaweza kulima miwa, chai au mkonge katika maelfu ya hekta, akavuna na kusafirisha mazao yake nje, lakini hawezi kumwendea mwenye shamba, akamlipa bei waliyokubaliana na kuandikwa kuwa mmiliki. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinasema kuwa asiye raia hatapewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa kwa mujibu wa sheria ya uwekezaji. Kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia huhesabiwa kuwa mgeni pia, hata kama imesajiliwa Dar es Salaam.

Katazo hili lina historia ndefu. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kuwa ardhi yote ya koloni lao ni mali ya dola, na Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1923, wakaiweka chini ya mamlaka ya gavana. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akaenda hadi Umoja wa Mataifa kueleza malalamiko yao. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilipopendekeza, mwaka 1958, kuwe na milki binafsi ya ardhi isiyo na ukomo, hofu ilikuwa na sababu. Julius Nyerere alilipinga pendekezo hilo kwa hoja ambayo bado ina uzito: katika nchi maskini, ardhi ikiuzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine, wenye fedha wataichukua, na wakati ule wenye fedha walikuwa wageni zaidi kuliko wenyeji.

Baada ya uhuru milki za kudumu zilifutwa. Ardhi yote ikawa mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hapo ndipo lilipo jambo ambalo wengi hulisahau: hata raia hamiliki udongo wenyewe, bali ana haki ya kuutumia, ama kwa hati ya muda usiozidi miaka 99, ama kwa haki ya kimila kijijini kwake. Mgeni yuko hatua moja nyuma zaidi. Hati hubaki kwa mamlaka ya uwekezaji ya serikali, naye hupewa haki inayotokana na hati hiyo. Mradi ukifa au muda ukiisha, haki yake hurudi kwa mamlaka hiyo. Jirani wa Afrika Mashariki naye hapati upendeleo, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeacha masuala ya ardhi yaongozwe na sheria za kila nchi. Kenya imepita njia yake: Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na ile mikataba ya miaka 999 iliyokuwa mikononi mwa wasio raia ikapunguzwa kufikia kiwango hicho.

Je, katazo linamlinda mkulima mdogo? Kwa maoni yangu, linamlinda dhidi ya mnunuzi kuliko linavyomlinda dhidi ya mradi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tanzania ni ya vijiji, na mwekezaji wa kigeni hawezi kupewa ardhi hiyo mpaka ihawilishwe, yaani iondolewe katika ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla, ambayo iko chini ya serikali na si ya kijiji. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, wanakijiji hutoa mapendekezo tu, na uamuzi ni wa Waziri.

Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, ilionyesha ugumu wa utaratibu huu. Kampuni ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11 ili kulima mibono ya kutengenezea mafuta ya mitambo, na mwaka 2011 shughuli zikasimama na vibarua wakapoteza kazi. Mgeni hakuwa amenunua hata hekta moja, na sheria haikuwa imevunjwa kwa yeye kukaa pale. Hata hivyo ardhi iliyokwisha kuhawilishwa hairudi yenyewe kijijini mradi unapokufa, kwa sababu kisheria si ya kijiji tena. Inabaki ardhi ya jumla, na serikali inaweza kumpa mwekezaji mwingine.