Utambulisho wa mchezaji gemu ni nini?

Utambulisho wa mchezaji ni ile sura anayojulikana nayo mtu miongoni mwa wachezaji wenzake mtandaoni: jina lake, mavazi ya mhusika wake, daraja alilofikia, sauti yake kwenye maiki na, kuliko vyote, namna anavyocheza. Mpwa wangu hapa Tanga ana majina matatu kwenye kitambulisho cha taifa. Kwenye PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana kwa bunduki, ni Mgosi wa Ishirini, na huko hakuna anayemwita vingine.

Jina hilo lina mengi ndani yake. Mgosi ni mwanamume kwa Kisambaa, na Coastal Union, timu yetu ya mpira, tunaiita Wagosi wa Kaya. Ishirini ni Barabara ya Ishirini, Ngamiani, ambako mitaa huitwa kwa namba. Mtu wa Tanga akiliona jina hilo kwenye orodha, anamjua mwenzake kabla hajafyatua risasi hata moja. Mchezaji wa Brazili haoni kitu, kwake ni herufi tu. Kwa hiyo jina moja linasema na watu wawili tofauti, na mwenye nalo anajua anamsemesha nani.

Sisi watu wa pwani jambo hili hatukulianza kwenye simu. Malenga waliotuma mashairi magazetini walijipa lakabu, wakajibizana miaka bila kuonana uso kwa uso. Kwenye beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa vyama hasimu vya Marini na Arinoti walivaa sare na kupeana vyeo vya Kingi na Jenerali. Kuli wa bandarini aliweza kuwa mkubwa jioni. Klani za gemu, yaani vikundi vya wachezaji, zina viongozi, madaraja na alama zake vivyo hivyo, na mimi naona undugu wa kweli hapo.

Baadhi ya gemu za mwanzo za kuchezwa na wengi hazikuwa hata na picha. MUD, iliyoanzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha ikaendelezwa na Richard Bartle, ilikuwa maandishi matupu. Mtu alikuwa yale anayoyaandika, basi. Leo kuna skini, yaani mavazi ya mhusika, na hapo pesa imeingia. Fortnite, gemu nyingine ya mapigano, huchezwa bure na mavazi yake hayaongezi nguvu yoyote, lakini watoto wamechekwa kwa kuvaa yale ya bure. Hilo linaniuma, maana mtoto anapimwa kwa mfuko wa mzazi wake mahali alipokwenda kupimwa kwa ustadi.

Sura nayo humrudia mwenyewe. Mwaka 2007, Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watu waliopewa wahusika warefu walikaza zaidi kujivutia fungu kubwa katika kugawana pesa kuliko waliopewa wafupi. Wakaliita jambo hilo athari ya Proteus, kwa jina la mungu wa hadithi za Kigiriki aliyejigeuza sura.

Si kila mtu hujitengeneza kwa kujionyesha. Wasichana wengi huzima maiki na kuchukua jina lisiloonyesha jinsia, kwa sababu wakisikika tu matusi huanza, au maombi ya namba ya simu. Wanacheza vizuri, wanashinda, na sifa inakwenda kwa mvulana ambaye hayupo. Huo nao ni utambulisho, ila umejengwa kwa kujikinga, na anayeubeba hakuuchagua kwa moyo mkunjufu.

Ila jina na mavazi ni kazi ya siku moja, na yeyote anaweza kuyaiga. Kinachobaki hujengwa na wenzako, kwa yale wanayoyakumbuka juu yako: nani hukimbia kikosi kikizidiwa, nani hurudi kumwinua aliyeanguka.

Mwaka jana mpwa wangu aliibiwa simu akapoteza na akaunti. Akafungua nyingine, daraja la chini kabisa, nguo za bure, jina lenye tarakimu za ovyo kwa kuwa lile la kwanza lilikwisha chukuliwa. Alipoingia kikosini wenzake walidhani ni mgeni, na maiki yake ilikuwa haifanyi kazi. Mchezo ukaendelea. Mmoja alipojeruhiwa, huyu mgeni akamwekea chini bandeji zake zote, akabaki yeye mikono mitupu. Kwenye maiki mtu akauliza, "Mgosi, ni wewe?"