Je, presha ya mzazi lazima imfikie mtoto?

Wengi wanaamini kwamba shinikizo la damu ni la ukoo: mzazi akiwa nalo, mtoto atalipata tu, mzazi asipokuwa nalo, mtoto yuko salama. Imani hii haikuzuka bure, maana presha kweli huandama familia. Lakini kinachorithiwa ni uwezekano, si ugonjwa wenyewe. Jeni (chembe za urithi) zinazohusika ni mamia, na kila moja hupandisha presha kidogo mno. Aina inayoletwa na jeni moja pekee ni nadra. Tena watu wa nyumba moja huambukizana mazoea: chumvi nyingi, kukaa bila kutembea. Hayo yanaweza kubadilishwa.

Upande wa pili wa imani ndio unaonitia hofu zaidi. Asiye na mgonjwa kwao hapimi, na presha huweza kukaa miaka bila dalili. Ukipima, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono usawa wa moyo. Rudia mara 2 na uandike. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini 90 (140/90), au zaidi, kwa siku tofauti, mwone daktari, hata kama kwenu hakuna aliyewahi kuugua.